Kidude cha Twitter tu, simu yenye kitufe cha Facebook: kwa nini bado navitamani?

Fundi Antena (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi simu, Mwanza. Chini ya meza yangu kuna boksi la vitu ambavyo havina tena dawa ila roho inakataa kuvitupa. Juzi natafuta kioo cha mteja nikakutana humo na kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: TwitterPeek. Wengi hapa hamjawahi kukiona, na hata huko kwao Marekani hawakukiona wengi. Alikuja nacho jamaa mmoja aliyerudi kutoka huko na mfuko wa makorokoro, akaniambia chukua vyote, nipe ya soda. Nikampa ya soda.

Nikieleze kwa ambao hawakijui. Ni bapa kama kalkuleta, kibodi yenye herufi zote chini, kioo juu, na ubavuni kuna gurudumu dogo la kupandishia na kushushia. Hakipigi simu. Hakipigi picha. Redio hakina, tochi hakina. Kinasoma twiti na kuandika twiti, zile za Twitter ambayo siku hizi inaitwa X, basi.

Kiliingia sokoni Novemba 2009. Ulikuwa unachagua: dola 99 pamoja na huduma ya miezi 6, baada ya hapo unalipia kila mwezi, au dola 199 unapewa huduma "ya maisha". Hilo neno "ya maisha" lishikeni, tutakutana nalo mbele.

Waandishi wa mambo ya teknolojia walikicheka mpaka basi. iPhone ilikuwa na miaka miwili mjini, na Twitter kwenye simu ya kawaida ilikuwa inapatikana bure. Kibaya zaidi, kwenye orodha kilikuwa kinakuonyesha herufi kama 25 tu za mwanzo za kila twiti. Twiti nzima enzi hizo ilikuwa herufi 140, kwa hiyo unabonyeza, unasoma, unarudi, unabonyeza nyingine. Na mtu akiweka kiungo, ukurasa wenyewe huuoni.

Na mimi nilicheka. Lakini nilivyokishika juzi nikazungusha lile gurudumu, nikajikuta nimekaa nalo dakika tano nzima, kioo kikiwa kimezima. Gurudumu bado laini. Na nikajiuliza swali ambalo ndilo limenileta hapa: mbona nakitamani?

Kwanza nimtetee aliyekibuni, maana hakuwa mwendawazimu. Zile herufi 140 hazikuanguka kutoka mbinguni. SMS ina herufi 160, Twitter wakatenga 20 za jina la mwandishi, zikabaki 140. Maana yake Twitter yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kitochi! Kitu kidogo namna hiyo hakihitaji simu kubwa. Kampuni ya Peek tayari ilikuwa na kifaa cha barua pepe tu, tangu 2008, na jarida la TIME lilikitaja kuwa kifaa bora cha mwaka huo. Ndani yake waliweka chipu ya Texas Instruments ya zile simu za bei ya chini kabisa. Kazi nzito ilikuwa inafanywa na seva zao, yaani kompyuta kubwa za kampuni, kifaa kinapokea maneno tu. Kwa fundi huo ni mpango mzuri: bei chini, joto hakuna, chaji haiishi ovyo.

Halafu kuna kamera ya Flip. Wanaoikumbuka wanyooshe mkono. Mgongoni kitufe kimoja chekundu: bonyeza inarekodi, bonyeza imeacha. Ubavuni inachomoza USB kama kisu cha kukunja, unaichomeka kwenye kompyuta, programu imo humohumo ndani ya kamera, video inapanda YouTube. Watu ambao kamera ya video walikuwa wanaiogopa kama bunduki walirekodi na ile. Cisco wakainunua kampuni mwaka 2009 kwa dola milioni 590. Aprili 2011 wakaifunga. Miaka miwili tu!

Na simu za Facebook je? INQ1 ilitoka 2008. Mwaka 2011 HTC wakaleta ChaCha, ina kibodi na kitufe chenye ile herufi f, na kitufe kinawaka taa ukiwa na kitu cha kurusha, mfano umetoka kupiga picha. Nokia nao 2013 wakatoa Asha 210, kwenye kibodi kuna kitufe cha WhatsApp. Hutafuti programu. Kidole kinajua kinapokwenda, hata gizani.

Nimalizie na mteja wangu mmoja, mama muuza vitenge pale Makoroboi. Alikuwa na simu ya vitufe ya namna hiyo, kampuni siitaji. Siku moja akaja: "Mwanangu, kitufe changu kimekufa, nibadilishie." Nikaifungua, nikasafisha kwa spiriti, nikapima. Kitufe kizima kabisa. Ni kwamba huduma nyuma yake ilishafungwa kwa simu za aina ile. Nikamweleza. Akaniangalia, akasema: "Kwa hiyo kitufe kizima, ila kikiita hakuna mtu?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Akaomba nikibandike stika juu yake asikione.

Karibuni tuongee.

Mpenda Karanga

Nimekaa hapa na karanga zangu. Endeleeni.

Dada Mkavu

Mkuu umeandika kwa hisia mpaka nikataka kulia, ila ukweli usemwe. Hivyo vitu vilikufa kwa sababu havikuwa na maana. Simu moja inapiga, inapiga picha, ina Twitter, ina benki, ina kila kitu. Mimi nibebe kidude cha pili cha nini? Mkoba wangu umeshajaa.

Mbona hukutaja simu za Kin za Microsoft? Zilitoka Mei 2010 Marekani kwa mtandao wa simu wa Verizon, kwa ajili ya vijana wa mitandao ya kijamii, mwisho wa Juni zikafutwa. Hazikufikisha hata miezi miwili. Kosa lao kubwa unalijua? Simu yenyewe haina duka la programu, lakini kifurushi chake cha intaneti kilikuwa dola 30 kwa mwezi, sawasawa na simu inayofanya kila kitu. Yaani unalipa nauli ya basi kubwa halafu unapandishwa bajaji.

Fundi Antena

Dada, hilo la Kin nakupa mia kwa mia, bajaji umeipatia. Na ongeza HTC First ya 2013, ile ambayo Facebook ndiyo iliyokuwa uso mzima wa simu. Ilianza kuuzwa AT&T kwa mkataba dola 99, haukuisha mwezi ikawa senti 99. Mimi hiyo siihesabu hata kama kifaa cha kazi moja. Ile ilikuwa Android kamili iliyovishwa kanzu. Kifaa cha kazi moja kinakunyima kitu, hapo ndipo utamu wake ulipo. First haikukunyima chochote, ilikuwa inakuletea Facebook mbele ya uso hata kama umeamka unatafuta saa.

Wa Kisauni

Assalaam alaykum. Bwana fundi, mie naandika kutoka Mombasa na kidude kama hicho n'nacho, ila nimekitengeneza mwenyewe.

Mfukoni nabeba mulika mwizi. Nyumbani sebuleni kuna simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, laini haina, yatumia Wi-Fi ya nyumba. Ndani nimefuta kila kitu nikaacha Facebook na WhatsApp ya familia. Imefungwa waya wa chaji karibu na televisheni, haitoki pale. Ukitaka kujua mambo ya watu waja, waketi, wasoma, waondoka. Kama ile simu ya mezani ya zamani, wawakumbuka wazee walioketi kwenye kigoda wakizungumza?

Watoto walinicheka mwanzo. Sasa wao ndio wapigania kigoda.

Tofauti niliyoiona: nikiwa kazini bandarini sina hamu nayo. Si kwamba najizuia, la. Haipo tu. Mtu hujizuia kwa kitu kilicho mfukoni.

Mpenda Karanga

Mzee wa kigoda amenimaliza 😂

Mchuuzi wa Maneno

Samahani wakuu, ila mnaongelea vidude vya Marekani kana kwamba huku havipo, wakati nchi nzima imejaa TwitterPeek.

Angalia vizuri. Mtu ana simu ya kupapasa, kamera tatu mgongoni. Anajiunga bando gani? La WhatsApp tu. Akitumiwa kiungo cha gazeti anajibu, "Nipigie picha unitumie, huko sina bando." Sasa ana tofauti gani na hicho kidude cha fundi kisichofungua ukurasa? Ndiyo maana kwenye magrupu habari zinatembea kama picha za skrini, tangazo la ajira linakuja kama picha, hotuba ya msibani inakuja kama sauti. Watu wameshajifunza kupitisha dunia nzima kwenye tundu moja.

Wao waliweka ukuta kwenye plastiki, sisi tumeuweka kwenye vocha.

Dada Mkavu

Hapo sasa umesema. Hata mimi bando la chuo lilinilea hivyohivyo.

Fundi Antena

Mchuuzi, nimesoma komenti yako nikaacha kuunga waya. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

Ila kuna kitu kimoja kinatofautiana. Bando linafunga mlango kwa siku, au wiki. Leo Jumatano una WhatsApp tu, kesho Alhamisi umepata hela unajiunga la kila kitu, simu ni ileile. TwitterPeek haina Alhamisi. Siku ile Twitter ilipoanza kujaa picha na video, kidude kilibaki kilekile cha maneno.

Na bando linakubana kwa sababu huna hela, hupewi raha yoyote. Mzee wa Kisauni hakubanwa, amechagua. Nadhani hapo ndipo hamu yangu ilipo: ukuta niliouchagua mwenyewe nausikia kama nyumba, ule niliowekewa nausikia kama zizi.

Halafu Dada Mkavu kaniuliza swali la maana, nibebe cha pili cha nini. Nenda kwa wakala yeyote wa kutuma na kutoa pesa. Mezani amepanga vitochi vitatu, vinne, kila kimoja mtandao wake, vimefungwa mpira, kimoja kimeandikwa kwa rangi ya kucha. Umewahi kumwona mtu akimcheka? Simu ya laini mbili anaweza kununua, hataki. Kwanza kimoja kikigoma vingine vinaendelea. Pili, na hili ndilo kubwa, akitaka kwenda kula anamwachia msaidizi kitochi. Anamwachia kazi, hamwachii maisha yake. Ukimwachia mtu simu yako kubwa umemwachia picha za mkeo, meseji za deni na vikundi vya ukoo.

Dada Mkavu

Fundi ngoja kidogo. Umenishika pabaya.

Nauza mabegi na viatu mtandaoni. Nina simu ya duka. Ina WhatsApp ya biashara na Instagram, mengine hayamo, namba ya mama yangu humo huikuti. Saa mbili usiku naizima naiweka kwenye droo, na mteja akilalamika nampa jibu kesho. Kumbe muda wote huu nilikuwa nakupinga huku nina kidude cha kazi moja kwenye droo!

Lakini bado siungi mkono kukinunua dukani kikiwa kimeshafungwa hivyo. Ile yangu ni simu ya kawaida, biashara ikihamia kwingine kesho naiwekea programu nyingine. Hapo tumeelewana?

Fundi Antena

Tumeelewana kabisa.

Kijana wa Laivu

Mimi natengeneza video, nina miaka 22, naomba niwaambie kwamba upande wetu vidude havijafa. Nina simu maalumu ya TikTok laivu. Ukiwa laivu halafu shangazi akapiga, picha inakatika, watu wanaondoka. Kwa hiyo simu ya laivu haina laini, inashika mtandao kutoka kwenye simu nyingine. Haina hata grupu moja.

Kuna pia ile kamera ndogo ya DJI, Osmo Pocket, inayoshikwa kama kipaza sauti, kichwa chake kinajituliza chenyewe hata ukitembea. Nimeazima kwa rafiki mara kadhaa. Simu yangu ina kamera nzuri tu, lakini nikishika ile najua nimekuja kurekodi. Nikishika simu, dakika mbili mbele najikuta nasoma komenti za video ya jana.

Ila zipo zilizoanguka vibaya. Miwani ya Snapchat, Spectacles, 2016. Ina kamera kwenye kona ya fremu, unabonyeza inarekodi sekunde 10. Walikuwa wanaiuza kwa mashine ya manjano yenye jicho moja, inatokea mji huu leo, kesho haipo, watu wanapanga foleni kwa dola 130. Mwaka uliofuata kampuni ikaandika hasara ya karibu dola milioni 40 kwa sababu ya miwani iliyotengenezwa na haikununuliwa. Foleni ya siku ya kwanza isikudanganye.

Wa Kisauni

Mwanangu, miwani yenye kamera usoni? Ukivaa hiyo sokoni Kongowea hurudi nayo, na huenda na wewe usirudi.

Mzee wa Mkonge

Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Nimefuatilia tangu mwanzo.

Mnaongea kuhusu vifaa, ila fundi alisema tushike neno "ya maisha" halafu akalinyamazia. Ilikuwaje?

Fundi Antena

Shikamoo mzee. Nilikuwa nasubiri aulize mtu.

Mapema 2012 Peek walizima huduma ya vifaa vyao Marekani. Walikuwa wameamua kuacha biashara ya vifaa na kufuata ya programu. Waliolipia "maisha" wakaamka na kipande cha plastiki. Haikuwa hata miaka mitatu tangu TwitterPeek itoke. Kumbe maisha yaliyouzwa yalikuwa ya kampuni, si ya mnunuzi.

Na ubora ule niliousifia mwanzo ndio uliokiua. Nilisema kazi nzito inafanywa na seva, kifaa kinapokea tu. Vizuri, ila seva ikizimwa kifaa hakijui kufanya chochote. Hakina hata kazi ndogo ya akiba. Kitochi kikikosa WhatsApp bado kinapiga simu na kumulika njia ya chooni. Kamera ya Flip kampuni ilikufa lakini ukiipata leo inarekodi, kwa sababu kazi yake iko ndani ya mwili wake. TwitterPeek kazi yake ilikuwa kwa watu.

Simu za kitufe cha WhatsApp ni hivyohivyo. WhatsApp walifunga rasmi upande wa S40, mfumo wa simu za vitufe za Nokia, tarehe 31 Desemba 2018, na Asha 210 ni S40. Baadaye vikaja vitochi janja vya mfumo wa KaiOS, WhatsApp ikaingia humo 2018 kuanzia JioPhone ya India, huku kwetu pia vikauzwa kwa bei ambayo mama ntilie anaiweza. Huko nako wameshaondoka. Kila mara vitufe vinabaki vizima.

Kwa hiyo mteja akija kwangu anataka "simu ya WhatsApp tu" ya mzazi wake kijijini, na wanakuja wengi, simuuzii yenye kitufe. Nachukua simu ya kupapasa iliyotumika, ambayo bado inapata masasisho, nafuta ninachoweza, naweka alama moja tu katikati ya kioo, maandishi makubwa, sauti juu. Nyuma naandika namba ya mtoto wake kwa kalamu ya wino usiofutika. Mzee akipata simu anaona kitu kimoja, anabonyeza kitu kimoja, anaona sura ya mjukuu. Siku WhatsApp ikiwa si WhatsApp tena, mtoto akija likizo atabadilisha ile alama. Namwachia mzee utamu wa kitufe, na mlango wa nyuma nauacha wazi.

Mzee wa Mkonge

Marahaba. Hiyo kazi unafanya kwa bei gani? Mimi ni huyo mzee wa kijijini unayemsema, niko Korogwe, ila nataka ya kwangu iwe ya kusoma humu tu. WhatsApp ya ukoo siitaki, ina michango mingi.

Mpenda Karanga

Karanga zimeniisha kwa kicheko. Mzee ameikimbia michango 😂😂

Dada Mkavu

Mzee wa Mkonge ndiye amewaelewa wote. Hatafuti simu ya mtandao mmoja, anatafuta simu ambayo grupu la ukoo halimo.

Fundi Antena

Mzee njoo inbox, hela utanipa ukifika, na ukiona michango imekufuata hadi humu usinilaumu.

Wakuu, nimeongea sana leo. Kabla sijafunga duka nimekitafutia TwitterPeek chaja iliyoingia, nikakichomeka. Betri nilidhani imeshakufa siku nyingi. Kimewaka. Kioo kimeng'aa, kinatafuta mtandao. Nimemaliza kufagia, nimeshusha shata nusu, bado kinatafuta.

Wa Kisauni

Kiache kitafute hadi asubuhi. Si umesema chaji chaiweka?